Nimehamia Dodoma, sina hata rafiki mmoja. Je, jogging itanisaidia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, mama wa mtoto mmoja wa darasa la tatu. Nilihamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, na sasa ni mwaka na nusu sijapata mtu wa kumwita rafiki. Ofisini tunaelewana vizuri, lakini ikifika saa tisa na nusu kila mtu anashika njia yake. Wikiendi nafua, napika, naangalia simu. Jirani ananishauri nijiunge na jogging ya mtaani kwetu. Mara ya mwisho kucheza mchezo wowote nilikuwa sekondari, netiboli, nikicheza GD, yaani mlinzi. Sasa nimenenepa, nina aibu, na nasikia kwenye jogging ni michango tu, tena wanawake wanaokwenda husemwa. Ni kweli mtu anaweza kupata marafiki kwa kukimbia, au nitaambulia jasho? — Msomaji, Nzuguni, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Niseme mapema kwamba hali uliyonayo haimaanishi una kasoro. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji huu umepokea watu wazima wengi waliokuja na barua ya uhamisho mkononi, wakaacha nyuma majirani waliozoeana nao, kwaya, vikoba na mashosti wa siku zote. Mtoto akihamia mji mpya anapelekwa shule, na shule inampa wenzake siku hiyo hiyo. Mtu mzima anapewa meza na kompyuta. Na upweke si jambo la kudekeza, bali ni la afya kabisa: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja katika kila sita duniani anaishi nao, na inauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Umefanya vizuri kuuliza.

Jibu langu ni ndiyo, unaweza kupata marafiki kwenye jogging. Ila hutawapata wakati wa kukimbia. Utawapata katika saa moja au mbili zinazofuata baada ya kukimbia, na utawapata haraka zaidi ukipewa kazi ya kufanya kwenye kundi. Nimefanya kazi za michezo ya jamii muda mrefu, na nimeona watu wengi wakikata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo. Wanafika saa kumi na mbili kasoro, wanakimbia, wanajifuta jasho, wanaondoka. Baada ya miezi mitatu wana pumzi nzuri na upweke ule ule.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, anaitwa Jeffrey Hall, ambaye mwaka 2018 alichapisha utafiti kuhusu muda ambao watu hutumia mpaka wawe marafiki. Baadhi ya aliowachunguza walikuwa watu wazima waliohamia mji mpya, kama wewe. Alikuta kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki kweli, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa karibu. Wale ni Wamarekani na sisi tuna desturi zetu za kukaribishana, kwa hiyo usizichukulie namba hizo kama sheria. Lakini kuna jambo moja alilolikuta ambalo nadhani litakugusa: saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama saa za kupumzika, kula na kupiga soga pamoja. Ndiyo maana mwaka na nusu wa kukaa na wenzako ofisini haujakupa rafiki. Saa mmezikusanya nyingi sana, ila ni za mafaili.

Sasa piga hesabu ya jogging. Ukikimbia saa moja kila Jumamosi halafu ukaondoka, saa 50 zinakuchukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya saa hizo unahema, huongei. Ukibaki saa mbili zaidi kwa kunyoosha viungo, matangazo na supu, unapata saa tatu kwa wiki. Saa 50 zinatimia ndani ya miezi minne. Saa 90 zinatimia baada ya kama miezi saba. Tofauti yote iko kwenye kubaki.

Na huko kubaki kukoje? Kwa kuwa hujawahi kwenda, nikueleze. Kundi likirudi kwenye uwanja lilikoanzia, watu wanasimama duara. Mmoja anaongoza kunyoosha misuli, wengine wanahesabu kwa sauti. Halafu mwenyekiti au katibu anaingia katikati. Kama kuna mgeni anaombwa ajitambulishe: jina, anakaa wapi, nani kamleta. Anapigiwa makofi. Kisha matangazo: mama fulani amejifungua mtoto wa kike, tunakwenda kumwona kesho saa kumi, kijana wetu fulani amefiwa na baba yake, msiba uko sehemu fulani, mweka hazina ana daftari, klabu ya mtaa wa pili imetualika kwenye bonanza lao, fulana ni zile za bluu. Baada ya hapo watu wanakaa kwa mama lishe, wengine supu na chapati, wengine chai ya tangawizi, na hapo ndipo utasikia nani anauza kuku wa kienyeji, fundi gani hadanganyi, shule gani ina basi linalopita mtaa wenu. Ukikaa hapo Jumamosi chache, wiki ambayo hukutokea utapigiwa simu: "Mama nani, vipi, unaumwa?" Simu hiyo ndiyo unayoikosa sasa hivi, na haiji kwa mtu anayekimbia na kuondoka.

Hata hivyo sitaki udhani kukimbia kwenyewe hakuna kazi. Kuna kazi, na kwa mtu mwenye aibu ni kubwa. Kwenye sherehe mgeni anatakiwa aongee ndipo akubalike. Kwenye mazoezi anatakiwa aende hatua moja na wenzake, basi. Macho yako mbele, miguu ina shughuli, ukimya wako haumshangazi mtu. Halafu kuna ule mchakamchaka. Unaukumbuka wa shule ya msingi: mmoja anaimba, kundi linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Klabu nyingi za jogging nchini zinakimbia hivyo hivyo mpaka leo. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford, Uingereza, akiwemo Robin Dunbar, walipima wapiga makasia wa chuo chao. Kila mmoja alipiga kasia peke yake, siku nyingine akapiga pamoja na timu kwa mapigo yanayolingana, kwa juhudi ile ile. Waliwapima uvumilivu wa maumivu kwa kuwabana mkono na kile kitambaa cha kipimo cha presha. Walipokuwa wamefanya kwa pamoja walivumilia maumivu zaidi, jambo linaloashiria kwamba mwili ulikuwa umetoa kwa wingi zaidi ile kemikali yake ya kutuliza maumivu na kuleta furaha, endofini. Utafiti mwingine wa Uingereza uliotoka mwaka 2015 ulilinganisha watu wazima waliojiunga na madarasa ya kuimba na wale wa madarasa ya uandishi na kazi za mikono. Mwisho wa miezi saba makundi yote yalikuwa yamezoeana, ila waimbaji walizoeana mapema zaidi. Sasa wewe fikiria kundi ambalo linafanya yote mawili, linakimbia hatua moja huku likiimba.

Nguvu hiyo watawala nao wanaijua. Pale Bujumbura, Burundi, ambako kukimbia kwa makundi huku watu wakiimba ni desturi ya wikiendi, serikali ilipiga marufuku mwaka 2014 makundi kukimbia mitaani nje ya sehemu zilizotengwa, kwa hofu kwamba wapinzani wanajipanga humo. Raia wanaokimbia na kuimba pamoja kila wiki wanaanza kuaminiana, na hilo ndilo lililoogopwa.

Kwa hiyo usiichague klabu kwa kasi yake wala kwa uzuri wa fulana zake. Nenda Jumamosi moja kama mgeni, umfuate huyo jirani yako, na uangalie mambo haya. Wakirudi uwanjani wanabaki, au wanatawanyika? Kuna wanawake wa umri wako, na je, kuna mwanamke kwenye uongozi, mwenye sauti kweli, siyo wa kugawa maji tu? Na mtu wa mwisho anatendewaje? Hili la mwisho kwangu ndilo kipimo kikubwa. Kuna mbio za kilomita 5 za kila Jumamosi asubuhi zinazoitwa parkrun, zilizoanza London mwaka 2004 zikiwa na wakimbiaji 13 tu na leo zimeenea nchi nyingi. Zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na mmoja wao kazi yake ni kutembea nyuma ya wote ili mshiriki yeyote asijikute wa mwisho peke yake. Klabu nzuri za kwetu zina mtu wa namna hiyo, anayerudi nyuma kuwachukua waliochoka. Ukikuta kundi linakuacha barabarani saa kumi na mbili asubuhi bila mtu wa kukuangalia, hilo si lako, tafuta jingine. Dodoma makundi si machache.

Ukishachagua, tulia hapo hapo. Wapo wanaozunguka, wiki hii klabu hii, wiki ijayo ile, na kila mahali wanabaki wageni. Sura ile ile, uwanja ule ule, siku ile ile: mazoea yanajengwa na marudio, na marudio hayana njia ya mkato. Na ndani ya mwezi wa kwanza omba kazi. Usingoje kuchaguliwa. Mwambie katibu, "Mimi naweza kuandika mahudhurio," au, "Maji ya Jumamosi ijayo niachieni mimi." Anayeandika mahudhurio anajua majina ya wote ndani ya wiki tatu, na kila mtu ana sababu ya kumfuata na kumsemesha. Kwa mtu mwenye aibu hakuna dawa ninayoiamini kuliko hiyo, kwa sababu inakuondolea mzigo wa kutafuta la kusema. Kazi inakusemea.

Hapa niongeze la kwangu, ingawa hukuuliza. Rudi kwenye netiboli. Jogging ina uzuri wake kwamba haibagui, mtu yeyote anaingia, lakini kundi la watu arobaini linaweza kukimbia bila wewe na lisigundue. Timu ya netiboli ina watu saba uwanjani. GD asipokuja, mshambuliaji wa upande wa pili anafunga atakavyo, na watu watakupigia simu siku hiyo hiyo. Kwenye mchezo wa timu unahitajika, na kuhitajika ni zaidi ya kukaribishwa. Kama wewe ni mtumishi wa umma, kama ninavyodhani, uliza klabu ya michezo ya wizara au taasisi yako. Michezo ya SHIMIWI kwa wizara na idara za serikali ina netiboli, na ina pia kuvuta kamba, bao, karata na vishale kwa wasiotaka kukimbia. Mashirika ya umma yana SHIMUTA yao. Mazoezi ya kujiandaa na michuano hiyo hufanyika jioni baada ya kazi, na hapo ndipo wale wale wanaoondoka saa tisa na nusu watageuka watu wengine kabisa. Mtu uliyekuwa unamjua kwa sahihi yake kwenye dokezo utamkuta anacheka amekaa chini, raba zimejaa vumbi. Ushauri wangu ni jogging ya mtaani Jumamosi, ili uwe na watu karibu na nyumbani, na netiboli siku moja ya katikati ya wiki. Ukiona ni nyingi, anza na jogging.

Kuhusu mwili: unene si sababu ya kukaa nyumbani, lakini usianze kwa kishindo. Kama hujapima presha na sukari karibuni, pima kwanza. Nunua raba zenye soli nene inayobonyea, ni muhimu kuliko traksuti. Wiki za mwanzo tembea kwa haraka dakika tatu, kimbia moja, endelea hivyo. Mwambie kiongozi mapema na hakuna wa kukushangaa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea haraka kunahesabika. Mwezi wa saba asubuhi za Dodoma zina upepo na baridi ambayo mtu wa Dar haijui, kwa hiyo beba kikoti.

Michango ipo, sitakuficha. Kuna kiingilio, kuna fulana, kuna ada ya mwezi kwenye baadhi ya klabu, na kuna rambirambi na hongera. Uliza katiba kabla ya kulipa chochote, kwa sababu klabu iliyosajiliwa inayo. Angalia mambo mawili: kiwango cha misiba na sherehe kimeandikwa, na mweka hazina anasoma mapato na matumizi mbele ya wanachama. Kama kila wiki kuna mchango mpya wa dharura unaotangazwa kwenye grupu la WhatsApp usiku, kaa mbali. Lakini usiutazame mchango wa msiba kama hasara. Umehama mbali na ndugu zako. Siku ukifiwa hapa, watakaofika kwanza kupanga viti na kuchemsha chai ni hao uliochangiana nao.

Kuhusu kusemwa: najua maneno hayo, na yanawazuia wanawake wengi. Wapo wanaosema mwanamke wa jogging anakwenda kutafuta wanaume. Kwangu huo ni uonevu mtupu. Tangu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza mwishoni mwa 2016 Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima, wanawake wa kila aina wametoka barabarani, wenye hijabu, bibi wenye wajukuu, walimu, mama ntilie. Vaa unavyojisikia huru, suruali ya traksuti na fulana ndefu vinatosha. Lakini hatari ya kweli ipo na ni tofauti na maneno: giza la alfajiri na wanaume wasiojua mipaka. Toka nyumbani pamoja na jirani yako, usitembee peke yako kwenda uwanjani kabla hakujapambazuka. Mwanachama akikusumbua, mwambie kiongozi mwanamke mara moja, na uangalie uongozi unafanya nini. Uongozi ukicheka tu, ondoka siku hiyo hiyo.

Nikutahadharishe na jambo moja zaidi. Mtafiti Salma Mousa alifanya jaribio Iraq kaskazini, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Alichukua timu za mpira za Wakristo waliokuwa wamekimbia vita vya ISIS, nusu ya timu hizo akaziongezea wachezaji Waislamu. Waliocheza pamoja walikuwa tayari zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baadaye. Lakini nje ya uwanja, kwenye mambo kama kwenda kula Mosul, mji wenye Waislamu wengi, au kuhudhuria sherehe yenye mchanganyiko, mabadiliko hayakuonekana. Wale walikuwa wametenganishwa na damu, sisi hapa tumetenganishwa na uhamisho tu, lakini onyo ni lile lile: urafiki wa uwanjani hupenda kubaki uwanjani. Kuutoa ni kazi yako. Ukiona mtu mmoja au wawili mnaivana, usimwalike kwenye jambo kubwa. Mwambie mwende wote sokoni Majengo baada ya supu. Mpigie Jumatano umuulize goti linaendeleaje. Akiumwa, nenda, hata kama hujamzoea sana. Kwetu hakuna aliyefukuzwa kwa kuja kumwona mgonjwa. Usiwe na haraka ya kumweleza yote ya moyoni mwezi wa kwanza, acha saa zijikusanye.

Mtoto wako naye umpeleke kwenye mabonanza. Huwa kuna mbio za watoto, kukimbia na magunia, kuvuta kamba, na mama wa watoto wa darasa la tatu husimama pembeni kuwaangalia. Jumamosi za kawaida mwache alale, ila mpange mapema na mtu wa kukaa naye ili usikimbilie nyumbani mara tu baada ya mbio. Zile saa mbili za baada ya kukimbia zinahitaji uwe na mahali pa kumwacha, na huyo jirani aliyekushauri, kama hamtoki wote siku hiyo, ndiye wa kwanza kumuuliza.